Macho yangu yako upande wa pili wa pazia

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni daktari bingwa wa usingizi, yaani anayewalaza wagonjwa na kuwalinda wakati wa operesheni, aliyeanza safari yake ya ubingwa kwenye upasuaji.

SWALI

Shikamoo Dokta,

Niko mwaka wa pili wa ubingwa wa upasuaji, kati ya miaka mitano. Niliingia kwa kupenda, hakuna aliyenisukuma. Tangu nikiwa interni nilikuwa yule kijana anayebaki thieta hata zamu yake ikiisha, akingoja aachiwe walau ashone ngozi.

Wiki sita zilizopita tulikuwa tunatoa mfuko wa nyongo. Mimi nilikuwa msaidizi wa pili, kazi yangu kushika ritrakta, kile chombo cha kuvuta kidonda kikae wazi, na kunyamaza. Katikati ya kazi nikasikia mlio wa monita umebadilika. Unaujua ule mlio unaofuata mapigo ya moyo: oksijeni ikipungua kwenye damu, na wenyewe unashuka sauti. Ulishuka kidogo tu. Kabla sijafikiri nilishageuza shingo, nikachungulia juu ya pazia linalotutenga na daktari wa usingizi, nikaona 93. Nikasema, "Oksijeni inashuka." Daktari wa usingizi alishaanza kuvuta makohozi kwenye mrija, na baada ya muda mfupi namba ikarudi 98. Akanitikisia kichwa. Bosi wangu, bila kuinua macho, akaniuliza, "Wewe umekuja kushika ritrakta au kusikiliza muziki?" Thieta nzima ikacheka. Na mimi nikacheka.

Tangu siku hiyo nimejikamata. Kila operesheni macho yangu yako upande wa pili wa pazia. Najua presha ya mgonjwa ilikuwa ngapi kabla hatujakata, najua amepewa dawa gani na saa ngapi. Nikiulizwa jina la mshipa ulio mbele ya pua yangu, nababaika.

Shida ni kwamba sijiamini. Zamu za usiku zinanirudia kila siku ya tatu, bosi huyu bado ninaye kwa miezi minne, na kuna asubuhi naamka nikiomba niugue kidogo, homa ya siku mbili tu, ili nilale. Sasa je, nataka fani nyingine au nataka kulala? Mwenzangu wa mwaka wa nne ananiambia wanaohama ni walioshindwa. Mke wangu anasema nitakuwa nimetupa miaka miwili. Wala sijui nikihama naanza upya au vipi, wala nianze kumwambia nani.

Wako,
Msaidizi wa Pili

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka pale penye muziki, maana mimi niliambiwa "umekuja na redio yako?" Lakini usifurahi mapema. Sijasema uhame. Kuusikia mlio ni dalili, na wewe na mimi tunajua dalili moja inaweza kuwa ya magonjwa matatu. Kwako naona matatu kweli: uchovu, bosi, na fani. Yote yanaleta malalamiko yale yale, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Tuanze na uchovu. Huu utaratibu wa kumweka daktari hospitalini miaka kadhaa mpaka aive ulijengwa na mpasuaji William Halsted kwenye hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa 1889. Rezidenti maana yake mkazi, na vijana wake walikuwa wakazi kwelikweli, walilala humo humo. Halsted mwenyewe alikuwa amenasa kwenye kokeini, aliyojidunga miaka ya 1884 na 1885 akiijaribu kama dawa ya ganzi, na baadaye akanasa kwenye mofini. Sisemi ratiba yako ya zamu imeandikwa na kokeini. Nasema tu kwamba mtu akikuambia "sisi wote tulipita humo," ukumbuke aliyeanzisha alipita na nini mfukoni. Marekani wenyewe walingoja mpaka 2003 kuwawekea marezidenti wote kikomo cha saa 80 kwa wiki, tena kwa wastani wa wiki nne. Themanini, na hiyo ndiyo nafuu.

Kwa hiyo usiamue lolote leo. Omba likizo yako, siku kumi na nne ukipata, kumi zikishindikana. Siku nne za mwanzo usizihesabu, hizo ni za kulipa deni la usingizi, utalala kama mtoto na utaamka na hasira. Kuanzia ya tano ndipo ujiangalie. Aliyelala vizuri hatamani homa. Ukirudi ukakuta unatamani kushika kisu, basi ugonjwa ulikuwa uchovu, na dawa yake ni kupigania ratiba, si kujaza fomu ya kuhama. Na kama hata baada ya kulala bado unatamani kuugua, au matamanio yamepita homa yakaenda mbali zaidi, usiniandikie mimi. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya akili wiki hiyo hiyo. Tunawapeleka wagonjwa wetu kila siku, sijui kwa nini sisi tunaona aibu.

Sasa bosi. Hapa nina kesi yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili wa upasuaji, bosi mmoja alinirushia koleo la kushikia sindano. Halikunipata. Liligonga ukuta, sista akaliokota, akaliweka kwenye beseni la vyombo vichafu na kuandika kwenye karatasi yake ya hesabu, kama jambo la kila siku. Na lilikuwa la kila siku. Usiku ule nikajaza fomu ya kuhama. Unajua nilijaza niende wapi? Magonjwa ya ngozi. Mimi, ambaye sijawahi kuiwaza ngozi kwa dakika tano mfululizo, isipokuwa ninapoishona. Nilichagua ngozi kwa sababu niliambiwa hawana zamu za usiku na hakuna anayerusha kitu.

Ile fomu niliitia kwenye droo, na bahati nzuri asubuhi yake nilikuwa na wagonjwa wengi kiasi cha kuisahau. Nilipoikuta miezi kadhaa baadaye nilijionea huruma. Anayekimbia hachagui njia. Ukiona kila fani unayoitaja inakufaa, leo macho, kesho radiolojia, keshokutwa afya ya jamii, jua unamkimbia mtu. Wewe hujataja tano, umetaja moja, na hata hiyo hukuitaja kwa jina. Umesema tu macho yako yako wapi. Hilo nimelipenda.

Baada ya yule wa koleo nilipangwa na bosi mwingine, mzee mpole, anayefundisha huku anakata, anayekuachia kisu na kukushika kiwiko kidogo tu unapopotea. Nilifurahi miezi sita mizima. Mikono yangu ilikuwa mizuri, aliniambia mwenyewe. Nikaona basi, ugonjwa ulikuwa bosi, nimepona.

Kilichonisuta ni kijitabu. Nilikuwa na kijitabu cha mfukoni cha kuandika kila operesheni niliyoshiriki, kama wewe bila shaka ulivyo nacho. Usiku mmoja wa zamu tulivu nikawa nakifunua ili nihamishie kumbukumbu kwenye daftari rasmi. Nikakuta mgonjwa fulani nimemwandikia kurasa mbili: presha ilishuka mpaka ngapi baada ya dawa ya kulaza, ilipandishwa na nini, mgonjwa alichukua dakika ngapi kuamka, alikohoa, alisema nini alipofumbua macho. Kuhusu operesheni yenyewe nilikuwa nimeandika maneno mawili. "Ngiri, kulia." Nikafunua ukurasa mwingine, hadithi ile ile. Kurasa thelathini hivi. Wakati huo nilikuwa nimelala vizuri, bosi ananipenda, na bado mkono wangu ulikuwa unaandika mambo ya mtu aliyekaa kichwani pa kitanda.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu yeyote, mimi nikiwemo, kaa na kijitabu chako. Soma ulivyoandika siku ambazo hukuchoka na bosi hakuwepo. Angalia wapi umeandika zaidi ya ulichotakiwa.

Tuseme umekuta nilichokuta mimi. Bado hujaijua fani unayoitaka. Umeiona kutoka upande wa pili wa pazia, na ukiwa upande huo unaona mambo mawili tu: mtu anasinzia vizuri, na namba zinarudi 98. Nikuonyeshe kisichoonekana.

Kwanza, saa nyingi hakutokei kitu. Utakaa saa tano unamtazama mtu anavyopumua, na sifa yako ni kwamba hakuna kilichotokea. Mgonjwa akiamka atamshukuru mpasuaji. Wewe atakuuliza kama ulikuwa unalala, kwa sababu ya hilo jina letu, daktari wa usingizi, ambalo limenichosha lakini nimeshindwa kupata bora zaidi. Kama unahitaji kuitwa jina wodini, ukijua watu wanakukumbuka, hapa utapata njaa. Wapo waliohama upasuaji wakafia kwenye njaa hiyo, wakarudi.

Pili, dakika chache zinazobaki. Mtu mzima mwenye afya, ukimvutisha oksijeni tupu dakika tatu kabla ya kumlaza, anaweza kukaa kama dakika nane bila kupumua kabla oksijeni yake haijaporomoka. Bila kumvutisha, ni kama dakika moja. Mjamzito hana hata hiyo anasa, oksijeni yake inaisha haraka. Mwaka wangu wa kwanza kwenye usingizi, saa tisa usiku, alikuja mama wa upasuaji wa dharura. Nikamlaza, nikafungua kinywa, nikaona nilichodhani ni njia ya hewa, mrija ukapita. Nikaunganisha. Grafu ya hewa ukaa anayoitoa mgonjwa ikabaki bapa. Na hewa ukaa isipotoka, mrija hauko kwenye mapafu, hata ukiapa kwa mama yako kwamba uliuona ukiingia. Nikauchomoa. Ule mlio wako ukaanza kushuka. Juu ya pazia nilikuwa naona macho ya mpasuaji, kisu mkononi, hasemi kitu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba katika chumba kile kizima hakuna aliyeweza kunisaidia kwa kunyamaza wala kwa kusema. Nikaweka barakoa, nikamwambia sista ainue kidevu, nikabana mfuko wa hewa. Kifua kikapanda. Namba ikageuka. Jaribio la pili mrija uliingia, na grafu ikachora vile vilima vyake. Nadhani haikufika dakika tatu. Nilipovua glavu vidole vilikuwa vyeupe.

Mtoto alipewa 6 dakika ya kwanza, 9 dakika ya tano. Nakumbuka kwa sababu nilizisikiliza zile alama kama hukumu.

Alama hizo zina jina la mtu aliyehama, na simulizi yake utaambiwa na kila mwenye kutaka kukutia moyo, kwa hiyo bora uisikie kwangu. Virginia Apgar alimaliza udaktari Columbia, New York, mwaka 1933, akaingia upasuaji. Mkuu wake Allen Whipple, yule yule wa operesheni ya kongosho inayobeba jina lake, akamshawishi aachane na upasuaji aende kwenye usingizi. Mwaka 1938 alirudi Columbia kuongoza kitengo cha usingizi, 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika chuo kile cha udaktari, na 1952 akatangaza ile njia ya kumpima mtoto kwa mambo matano: moyo, pumzi, misuli, mwitikio, rangi. Hadithi tamu. Mimi inanikwaza kidogo. Whipple aliona kipaji chake, hilo kweli, lakini pia aliamini wanawake hawafiki mbali kwenye upasuaji. Hatutajua kamwe Apgar angekuwa mpasuaji gani. Kwa hiyo akija mkuu wako kukuambia "wewe nenda kwenye usingizi, unafaa huko," kabla hujamshukuru jiulize anazungumza kuhusu wewe au kuhusu nafasi anayotaka kuijaza. Na hivyo hivyo akikuambia ubaki.

Niende kwenye mambo ya karatasi, maana ndiko watu wanakoumia.

Usijiuzulu. Narudia, usijiuzulu kabla hujapewa nafasi mpya kwa maandishi. Nafasi ya ubingwa ukiiachia haikungoji. Halafu uliza mambo kwa kufuata utaratibu wa huko uliko, kwani hakuna nchi mbili zenye kanuni sawa. Marekani, kwa mfano, upasuaji ni miaka mitano na usingizi ni minne, na wa kwanza katika hiyo minne ni mwaka wa kazi za kawaida za hospitali, hivyo mwaka mmoja wa upasuaji unaweza kuhesabiwa. Lakini huko huko kuna mtego: sehemu ya fedha ambazo serikali huilipa hospitali kwa ajili ya kila rezidenti hufuata urefu wa fani uliyoianza, na ukiuvuka, sehemu hiyo inakatwa nusu. Anayeanza fani ndefu akahamia fupi ana nafuu kuliko anayefanya kinyume chake. Uingereza wana utaratibu wa kutambua umahiri ulioupata kwenye fani nyingine ili mafunzo mapya yapungue. Kwako, uliza miezi mingapi inahesabika, na uliza kwa maandishi. Soma mkataba wako na anayekulipia masomo: mara nyingi umeandikwa kwa jina la fani, si kwa jina la ubingwa tu, na ukihama bila idhini yake unaweza kudaiwa. Na mitihani uliyokwisha kufaulu, ulizia kama baraza la fani mpya linaitambua.

Daftari lako la kazi likamilishe na lisainiwe sasa, wakati bado wanakupenda. Ukishatangaza kuhama utashangaa jinsi kalamu zinavyokosa wino.

Nani wa kumwambia? Mimi nilikosea. Nilimwambia rafiki yangu mmoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Jioni mkuu wa idara alikuwa ananiita. Hakuniuliza kwa nini nahama. Aliniuliza, "Nani mwingine anajua?" Kilichomuuma ni kusikia kutoka pembeni, na nilimwelewa, barua yake ya kunipendekeza ilichukua miezi mitatu, na ilikuwa fupi. Anza na mtu wa upande wa pili, bingwa wa usingizi unayemheshimu, yule aliyekutikisia kichwa anatosha. Muulize kimyakimya kama nafasi zipo na kama yeye angekuchukua. Ukipata jibu lenye uzito, mwendee mkuu wako wa idara kabla ya rafiki yeyote, peke yako, si korido wala baada ya raundi. Usimseme bosi wako wa muziki. Ukimlaumu mtu, mazungumzo yote yatakuwa juu ya huyo mtu. Sema unachokitaka na lini, na mpe muda mrefu kadiri unavyoweza, kwa sababu zamu zako zitabebwa na wenzako walewale wanaochoka kama wewe. Yule wa mwaka wa nne anayekuambia wanaohama ni walioshindwa, huenda anapiga hesabu ya zamu.

Mke wako acha nimjibu mimi. Shemeji, miaka hiyo haijatupwa. Mimi nikiwa nyuma ya pazia namtazama mpasuaji viwiko. Akiwa salama viwiko vimetulia, vinakaribia mbavu. Akianza kuvinyanyua, kuna kitu kinavuja na bado hajanieleza, naagiza damu. Akiacha kupiga soga naagiza ya pili. Kitambaa kilicholowa naweza kukukadiria kimebeba kiasi gani kwa kukitazama kinavyoanguka kwenye beseni. Hakuna kitabu cha usingizi kilichonifundisha hayo, nilifundishwa na miaka yangu ya kushika ritrakta. Miaka mitatu, mimi. Mume wako ana miwili.

Ulichobakiza ni kuomba uende kukaa na watu wa usingizi wiki mbili, kwa ruhusa, kama sehemu ya mzunguko. Usikubali wakupe operesheni za asubuhi zilizopangwa peke yake. Omba angalau zamu moja ya usiku ya uzazi na siku kadhaa za wodi ya mahututi, halafu uniandikie. Na kabla ya hapo, ukiusikia tena ule mlio unashuka, sema vile vile ulivyosema. Bosi acha acheke.

SWALI

Dokta, mimi nimebakiza miezi sita kumaliza ubingwa wa watoto. Mwaka huu nimezika wengi mno, nakosa neno jingine. Nataka kuhamia patholojia, nikae na darubini, nisimwone tena mzazi akianguka sakafuni. Wazazi wangu wanasema nimalize. Wewe unasemaje?
Mama wa Wodi Nne

JIBU

Pole, dada. Pole sana.

Nasema kama wazazi wako, ila kwa sababu nyingine. Miezi sita ni mifupi kuliko muda utakaotumia kupata nafasi ya patholojia, na bingwa anayeomba fani ya pili anaingia akiwa na cheti ambacho hakuna atakayemnyang'anya. Ungeniandikia ukiwa mwaka wa kwanza ningejibu vingine.

Lakini sitaki umalize kwa kukaza meno. Nenda kwa mkuu wako useme maneno uliyoniandikia, yale yale, kwamba umezika wengi, na uombe miezi hii upangwe kliniki za nje au watoto wachanga wenye afya kadiri inavyowezekana. Wakuu wengi wanatoa hilo kuliko unavyodhani, hasa wao wenyewe wakiwa wamewahi kulihitaji. Na utafute mtu wa kuzungumza naye ambaye ni kazi yake, wiki hii.

Kuhusu darubini, nikuonye kidogo. Nina rafiki mtaalamu wa patholojia. Anasema wazazi hawaoni kweli, ila jina na umri viko juu ya fomu ya kila kipande cha mwili kinacholetwa kupimwa, na yeye ndiye anayejua majibu kabla ya mtu mwingine yeyote. Anajua asubuhi, wazazi wanaambiwa mchana. Hizo saa katikati anasema ni ndefu. Kakae naye siku mbili usikie kama ungeziweza.

SWALI

Shikamoo Dokta. Mume wangu yuko ubingwa wa mifupa, mwaka wa tatu. Anasema mwenyewe mikono yake ni mizito, wenzake wanamtania, na sasa anataka kuacha kabisa aende maabara kufanya utafiti. Anatafuta mfano wa mtu aliyefanya hivyo akafanikiwa. Yupo?

JIBU

Marahaba. Yupo, tena wa mifupa hiyo hiyo. Shinya Yamanaka wa Japani alikuwa polepole sana kwenye operesheni hadi waliokuwa wakimfundisha wakamgeuza jina, wakamwita Jamanaka. Jama kwa Kijapani ni kikwazo. Akaenda maabara. Mwaka 2006 alitangaza, kwa kutumia seli za panya, kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa kuwa seli changa inayoweza kugeuka karibu chochote, na 2012 akapata Nobeli ya tiba pamoja na John Gurdon.

Usimwonyeshe hii safu mpaka umemuuliza kwanza jambo moja: wiki iliyopita, akiwa nyumbani na hakuna aliyemtuma, alisoma nini?